Marehemu Cyprien Ntaryamira: Mkimbizi, Injinia wa Kilimo, Rais wa Miezi Miwili

Tarehe 6 Aprili ya kila mwaka ni siku ya mapumziko nchini kwetu Burundi. Bujumbura ofisi hufungwa, misa husomwa, na mashada ya maua huwekwa kwa kumbukumbu ya Rais Cyprien Ntaryamira. Huku kambini, watoto wengi tunaowafundisha hulijua jina hilo kwa njia nyingine. Wamesikia kwamba mwaka 1994 ndege ilidunguliwa Kigali, akafa Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, na kwamba ndani alikuwamo pia rais wa Burundi. Basi, hapo habari yake inakoma. Hata wageni wetu wa mashirika, waliosoma mengi juu ya Maziwa Makuu, mara nyingi wanamjua kama yule rais mwingine. Tumeona vema katika toleo hili tumweleze kama mtu.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1955 huko Mageyo, komini ya Mubimbi, katika milima iliyo juu ya Bujumbura. Anayetoka pande hizo anajua mashamba yake yalivyo: yameinama sana, na mvua moja kubwa ikimkuta mtu hajachimba mitaro, udongo wake unashuka bondeni na mbegu zikiwamo. Kijana Cyprien alisoma Bujumbura mpaka mwaka 1972. Alikuwa na miaka 17 ulipofika msiba ule ambao Warundi tunauita Ikiza. Baada ya uasi wa mwisho wa Aprili, serikali ililipiza kisasi, na Wahutu waliosoma, walimu, watumishi na wanafunzi, walikamatwa na kuuawa. Hesabu za waliokufa zinatajwa kuanzia watu 100,000 hadi 300,000. Wengine walivuka mipaka kwenda Tanzania, Zaire na Rwanda. Yeye alikwenda Rwanda.

Hapo ndipo sisi walimu tunapopenda kukaa kidogo. Mtoto wa shule aliyekimbia hakujua kama angerudi darasani, wala kama angerudi kwao. Lakini aliendelea na masomo ugenini, akaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, na mwaka 1982 akahitimu akiwa injinia wa kilimo. Hapa Tanzania watu wakisikia injinia wanafikiria madaraja na mitambo, na mtu wa kilimo wanamwita bwana shamba. Kwetu anaitwa injinia agronomu, na kazi yake ni udongo, mbegu, maji ya mabondeni na maradhi ya mimea. Katika nchi ambayo watu tisa kati ya kumi waliishi kwa jembe, na kahawa ndiyo iliyoleta fedha nyingi za kigeni, tunadhani hakuna uinjinia uliohitajika zaidi ya huo.

Wanafunzi wakimbizi wa wakati ule hawakusoma tu. Mwaka 1979 Ntaryamira, pamoja na Melchior Ndadaye na wenzao, walianzisha chama cha wafanyakazi wa Burundi, UBU, wakiwa bado uhamishoni. Mwaka 1983 alirudi nyumbani akafanya kazi katika mambo ya kilimo na mifugo. Kurudi hakukuwa na usalama wa hakika: mwaka 1985, wakati wa utawala wa Kanali Jean-Baptiste Bagaza, alifungwa kwa muda kwa sababu za siasa. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FRODEBU, chama kilichofanya kazi kwa siri mpaka 1992. Alioa mke, Sylvana Mpabwanayo, wakapata watoto watatu.

FRODEBU iliposhinda uchaguzi wa Juni 1993, Rais Ndadaye alimpa Wizara ya Kilimo na Mifugo. Hatimaye mtu alikuwa mahali alipofaa. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi waasi walimwua Ndadaye na viongozi wengine, Ntaryamira alinusurika. Mauaji yakaenea milimani, Watutsi na Wahutu wakafa kwa maelfu, na mamia ya maelfu wakakimbilia nchi jirani. Tukumbuke kwamba Oktoba ni majira ya agatasi, watu wako shambani wanapanda mahindi na maharage. Wengi waliacha mbegu ardhini na hawakuvuna. Injinia wa kilimo alilielewa jambo hilo kuliko mwanasiasa yeyote.

Tarehe 13 Januari 1994 Bunge lilimchagua kuwa rais. Ukatokea ubishi wa kikatiba, na hakuapishwa mpaka tarehe 5 Februari. Akamteua Anatole Kanyenkiko wa chama cha UPRONA kuwa waziri mkuu, ili pande mbili zitawale pamoja. Hatutasema mambo yalikwenda vizuri. Silaha zilikuwa mikononi mwa vijana wa mitaa, jeshi halikuaminiwa na wengi, na huko Kamenge watu waliendelea kufa.

Tarehe 6 Aprili alikuwa Dar es Salaam katika mkutano wa marais wa eneo hili. Jioni hakupanda ndege yake. Alipanda ya Habyarimana, Falcon 50, iliyopita Kigali kwanza. Pamoja naye walikuwamo mawaziri wake wawili, Bernard Ciza na Cyriaque Simbizi. Ilipigwa makombora ikikaribia kutua, na wote 12 waliokuwamo walikufa. Alikuwa ametimiza miaka 39 na mwezi mmoja kamili. Sisi tunaoandika haya tunaukaribia umri huo.

Usiku ule Rwanda ilianza kuangamia. Burundi, iliyokuwa imepoteza rais wa pili katika muda usiofika miezi sita, ingeweza kuwaka vilevile. Spika wa Bunge, Sylvestre Ntibantunganya, pamoja na waziri wa ulinzi na mkuu wa majeshi, walitokea hadharani kutangaza kifo hicho na kuwaomba wananchi watulie. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Ahmedou Ould-Abdallah, alihangaika nao usiku huohuo. Vita vyetu vilikuja baadaye na vikadumu miaka mingi, lakini usiku ule Bujumbura ilisikiliza redio, ikalala.