Joseph Dutton: Daktari aliyeuawa na homa ya papasi Kasongo

Joseph Everett Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874 na kusomea udaktari Liverpool. Mwaka 1901, akiwa Gambia, alitambua vijidudu vya malale katika damu ya mgonjwa.

Mwaka 1903 alitumwa Kongo pamoja na Dk. John Todd. Huko walithibitisha kwamba homa ya vipindi huenezwa na papasi, kupe wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, na kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vijidudu hivyo.

Wote wawili waliambukizwa. Todd alipona, Dutton alifariki Kasongo, Februari 27, 1905, akiwa na miaka 30.

Kijidudu hicho kina jina lake. Dawa zipo, ila hudhaniwa malaria damu isipopimwa.