Mwalimu Nyerere na Msamiati wa Uongozi: Kutoka Kiingereza hadi Kiswahili

1.0 Utangulizi

Maisha ya Julius Kambarage Nyerere yameelezwa mara nyingi kwa upande wa siasa. Upande wa lugha umeguswa zaidi kwa kutaja tafsiri zake mbili za tamthilia za Shakespeare. Makala haya yanayapitia maisha hayo kwa kufuata jambo moja: namna mtoto aliyeanza shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi alivyojipatia msamiati wa Kiingereza uhusuo uongozi, na jinsi alivyoupima kwa Kiswahili na kwa lugha yake ya kwanza, Kizanaki. Hoja inayojengwa ni kwamba kwake neno la uongozi lilihesabika kuwa limejulikana pale tu lilipopata tendo la kulithibitisha.

2.0 Kutoka Butiama hadi Makerere

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki. Hata hivyo, kwa desturi Wazanaki waliongozwa na wazee wao, na cheo cha uchifu kilipewa nguvu na utawala wa kikoloni. Kwa hiyo mtoto huyu aliona uongozi wa namna mbili kabla hajalijua neno lolote la kigeni: ule wa wazee waliozungumza mpaka wakakubaliana, na ule wa chifu aliyetambuliwa na serikali. Tofauti hiyo ingejitokeza tena katika maandishi yake kuhusu demokrasia miaka mingi baadaye.

Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, alikojifunza kwa Kiswahili. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, katika shule ya serikali iliyokuwa imeanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu na kuendeshwa kwa kuiga shule za bweni za Uingereza. Huko Kiingereza kilikuwa lugha ya masomo na pia lugha ya amri. Mwanafunzi alijifunza maneno ya mamlaka, nidhamu na wajibu huku akiyaona yakitendeka kwa viranja na walimu. Yafaa kukumbuka kwamba Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19, ambamo kirongozi alitangulia mbele ya wapagazi, naye akiwa na mzigo wake. Maana hiyo ya zamani ya neno kiongozi, yaani mtu atanguliaye njiani, ni tofauti na maana ya mtawala, ambaye huweza kukaa mahali pamoja na kutumikiwa.

Alipokuwa Makerere, kati ya mwaka 1943 na 1945, aliandika insha kuhusu hali ya wanawake katika jamii yake, akitumia hoja za mwanafalsafa John Stuart Mill. Insha hiyo yaonyesha mbinu ambayo hakuiacha tena. Dhana za uhuru na usawa alizozisoma kwa Kiingereza hazikubaki kitabuni. Alizipeleka Uzanaki na kuuliza kama mama na dada zake walikuwa nazo.

3.0 Edinburgh na Uwanja wa Siasa

Baada ya kufundisha Tabora, Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu 1949 hadi 1952. Miongoni mwa masomo yake yalikuwamo historia, uchumi wa kisiasa, falsafa ya maadili na fasihi ya Kiingereza. Mchanganyiko huo ulimpa msamiati wa uongozi kutoka pande mbili: ule wa nadharia, na ule wa wahusika wa fasihi wanaoonja madaraka na kuharibika.

Aliporejea alifundisha Pugu. Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa, naye akiwa rais wake. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi ya ualimu. Lakini jina la Mwalimu lilibaki naye hadi kufa. Katika mwaka huohuo alizungumza kwa Kiingereza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, kisha akarudi kuyaeleza mambo yaleyale kwa Kiswahili katika mikutano ya hadhara. Dhana iliyoeleweka kwa wajumbe wa Baraza ilipaswa ieleweke kwa mkulima. Isipoeleweka, kosa lilikuwa la msemaji.

Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi uliofuata Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili akiimarishe chama. Mwaka 1962 pia aliandika kijitabu cha Kiingereza juu ya ujamaa. Inafaa kuzingatia kwamba hakutohoa neno la Kizungu. Alichukua neno la Kiswahili lililohusu undugu wa jamaa, akalipa maana pana ya kisiasa, kisha akaliingiza katika Kiingereza. Njia ya maneno sasa ilikuwa imegeuka.

4.0 Tafsiri kama Mizani

Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri ya *Julius Caesar*, tamthilia ihusuyo hofu ya udikteta na hatari za wale wanaodai kuuzuia. Katika dibaji alisisitiza kwamba Kiswahili ni lugha pana, na kwamba upana wake huongezeka kwa kutumiwa. Tamthilia hiyo ilikuwa mtihani mgumu. Neno la Kiingereza *ambition*, kwa mfano, laweza kuwa sifa au lawama, na mabishano juu ya kifo cha Kaizari yanategemea utata huo. Maneno ya Kiswahili kama tamaa, ari na nia hayabebi pande zote mbili kwa pamoja. Mfasiri hulazimika kuamua kiongozi anayesemwa ana kosa gani hasa.

Toleo lililorekebishwa, *Juliasi Kaizari*, lilitoka mwaka 1969. Ni mkuu wa nchi aliyekubali hadharani kusahihisha kazi yake mwenyewe. Mwaka huohuo ilitoka *Mabepari wa Venisi*. Neno bepari, lenye asili ya Kihindi, lilimaanisha mfanyabiashara kabla ya kupata maana ya mnyonyaji mwenye mtaji. Lilipotumiwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilibeba maana zote mbili.

Azimio lenyewe, la Februari 1967, lilikuwa kipimo kikali zaidi. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kumiliki nyumba ya kupangisha. Sifa ya uadilifu ilipewa masharti yanayohesabika.

5.0 Hitimisho

Novemba 1985 Nyerere aliacha urais kwa hiari. Kitendo hicho kilikienezea Kiswahili neno ng'atuka, lililotoka Kizanaki. Msamiati wa uongozi ulikuwa umerudi kwa wazee wa Butiama.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mtafiti hawezi kulifumbia macho. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali yake haikutekeleza pendekezo hilo, na mwaka 1984 yeye mwenyewe alikitetea Kiingereza kwa kukifananisha na Kiswahili cha dunia. Katika mwaka huohuo utafiti wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia. Nyerere alikuwa amekipata Kiingereza kwa kukipima kwa lugha alizozijua tayari na kwa mambo aliyoyaona yakitendeka. Wengi wa wanafunzi hao waliachwa wakariri maneno pasipo mizani hiyo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Swali la lugha ya kufundishia alilibakiza wazi. Lakini namna alivyojifunza yeye ni ushahidi mzito juu ya jibu lake.