Swaminatha Iyer, Mwokozi wa Vitabu vya Kitamil

Wasomaji wenzangu, napenda kuwasimulia habari za mwalimu mmoja wa Bara Hindi, U. V. Swaminatha Iyer, ambaye Watamil humwita Babu wa Kitamil.

Alizaliwa mwaka 1855 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kumbakonam. Baba yake alikuwa mwimbaji, na mali hawakuwa nayo. Alijifunza ushairi kwa Meenakshisundaram Pillai, mshairi mashuhuri, na mwaka 1880 akawa mwalimu wa Kitamil katika chuo cha serikali mjini Kumbakonam. Mwaka uo huo hakimu mmoja, Ramaswami Mudaliar, alimwuliza kama amesoma tenzi za kale. Hakuwa amezisoma. Basi hakimu akampatia mojawapo, Jivaka Chintamani. Utenzi huo ulikuwa wa dini ya Jaini, naye alikuwa Mhindu, lakini hakuona haya kwenda kwa Wajaini kuuliza maana yake.

Zamani Watamil waliandika kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mvumo. Majani hayo yasiponakiliwa upya huliwa na wadudu. Tena watu wengine, kwa kutojua thamani yake, waliyatupa mtoni au motoni. Swaminatha alikwenda kijiji hata kijiji, akibisha hodi na kuomba majani hayo. Kisha alilinganisha nakala moja na nyingine, akapiga chapa Jivaka Chintamani mwaka 1887, Silappatikaram mwaka 1892, Purananuru mwaka 1894 na Manimekalai mwaka 1898. Alifariki mwaka 1942, akiwa amekusanya miswada zaidi ya 3,000.

Hakuwa peke yake. C. W. Thamotharampillai, mzaliwa wa Jaffna katika Sri Lanka, naye alifanya kazi kama hiyo, akachapisha Kalittokai mwaka 1887. Lakini mji huo wa Jaffna ulipatwa na msiba. Usiku wa tarehe 31 Mei 1981, polisi na genge la watu walilichoma moto jumba la vitabu la Watamil. Vitabu na miswada kiasi cha 97,000 viliteketea, na majani ya mvumo yakiwamo. Jumba lilijengwa upya likafunguliwa mwaka 2003, lakini kilichokuwa na nakala moja tu hakikurudi tena.

Mimi naona tofauti kubwa hapa. Mdudu hula jani bila kujua limeandikwa nini. Mtu achomaye vitabu vya wenzake ajua sana: ataka wasiwe na ushahidi kwamba walikuwako. Dawa aliyotuonyesha Swaminatha ni nakala nyingi, mahali pengi.

Bibi yangu anazo hadithi na nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Likizo hii nitakwenda kwake na madaftari mawili: moja libaki kwake, la pili nilirudishe hapa shuleni. Nawaomba nanyi mfanye vivyo hivyo.