G.C. Foster: alikatazwa kukimbia London, akafundisha kisiwa kizima kukimbia

Mwaka wa 1908, kijana mmoja wa miaka 22 alipanda meli ya kubeba ndizi ku kisiwa cha Jamaika, akavuka bahari mpaka Uingereza. Safari hiyo alijilipia mwenyewe. Jina lake ni Gerald Claude Foster, lakini wengi wanamujua kama G.C. Foster. Alitaka kukimbia ku michezo ya Olimpiki ya London.

Foster alizaliwa mwaka wa 1885, wakati Jamaika ilikuwa koloni ya Waingereza. Ni inchi ndogo sana: kilometa mraba 11 000 hivi, Kivu Kusini peke yake inaipita zaidi ya mara tano. Foster alisoma shule ya Wolmer's, mjini Kingston. Alijua kriketi, hata timu ya kisiwa ilimuchukua, lakini nguvu yake kubwa ilikuwa ku mbio fupi.

Kufika London, mlango ukafungwa. Jamaika haikuwa na chama kinachotambuliwa ku Olimpiki, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuandikisha. Harry Andrews, mwalimu wa mbio wa Uingereza, alijaribu kumuombea, bila mafanikio. Ni yeye tena alimusaidia kuingia ku mashindano mengine ya kule. Huko Foster alikimbia vizuri, akashinda hata watu waliokuwa wameshiriki Olimpiki. Lakini medali hapana. Mbio zilikuwepo, karatasi ndiyo ilikosekana.

Mtu mwingine angerudi nyumbani na kuacha mambo ya michezo. Foster alirudi, akawa mwalimu wa mbio.

Wakati ulikuwa muzuri. Mwaka wa 1910, shule sita za sekondari za wavulana zilikutana ku uwanja wa kriketi wa Sabina Park, Kingston, kwa kushindana mbio. Hayo mashindano yanaitwa Champs, na yanaendelea mpaka leo. Namna yake ni hii: kila mwanafunzi anayefanya vizuri analetea shule yake pointi, na shule yenye pointi nyingi ndiyo inachukua ushindi. Kwa hiyo mtoto mmoja mwenye kipaji hatoshi. Mwalimu analazimika kutafuta wakimbiaji wengi, na wale wa kuruka, wa kila umri.

Ku kazi hiyo ndiko Foster alijulikana zaidi. Alifundisha vijana miaka na miaka, zaidi sana ku shule ya Calabar, na katika miaka ya 1930 Calabar ilishinda Champs chini ya uongozi wake.

Kisha ikafika 1948. Olimpiki ilirudi London, ule mji ambao ulimukatalia Foster miaka 40 mbele. Safari hii Jamaika ilikuwa na timu yake, kwa mara ya kwanza. Ku mbio za meta 400, Arthur Wint alichukua dhahabu, na Herb McKenley, Mjamaika mwenzake, akachukua medali ya fedha. Wote wawili walikuwa wamepita ku Calabar. Mwaka wa 1952, kule Helsinki, hao wawili pamoja na Leslie Laing na George Rhoden walishinda mbio za kupokezana za 4 x 400.

Wakati huo Jamaika ilikuwa bado koloni. Uwanja wake mkubwa wa taifa ulifunguliwa mwaka wa 1962, mwaka wa uhuru. Maana yake, dhahabu zilitangulia uwanja. Kilichokuwepo mbele ni shule zinazoshindana kila mwaka, na walimu wanaojua kazi yao. Wasichana ndio walichelewa: walipata Champs yao mwaka wa 1957 tu, na mwaka wa 1999 ikaunganishwa na ya wavulana.

Foster alikufa mwaka wa 1966. Mwaka wa 1980, karibu na mji wa Spanish Town, kilifunguliwa chuo kinachobeba jina lake, kilichojengwa kwa msaada wa Kuba. Kazi yake ni kufundisha walimu wa michezo. Wakimaliza, wengi wanarudi ku mashule, wanasimama kando ya uwanja na kuangalia ni mtoto gani anakimbia kuliko wenzake. Usain Bolt mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa shule ya kijijini kabla dunia kumujua. Pale shuleni, mwalimu ndiye alimuona kwanza.