Siti binti Saad na Kilio cha Mwenziwe

Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa Makina, katika Kibera ya Nairobi, mahali ambapo Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Mwingereza, wamekaa kwa zaidi ya miaka mia. Jamaa yangu alinichukua tukatazame vijana wakijizoeza mchezo wa kuigiza. Binti mmoja alipewa nafasi ya mama aliyefiwa na mwanawe, na kisa kilikuwa cha kweli, cha jirani yao wa mlango wa pili. Alipofika mahali pa kulia, alinyamaza. Baadaye, alipoambiwa kwamba mgeni yule ni mtunga mashairi, alinijia akaniuliza atawezaje kulia kilio kisicho chake, na hali mwenye kilio yu hai na atakuja kutazama.

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Wazee wetu walikwisha sema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini usiku ule nilimkumbuka marehemu Siti binti Saad wa Unguja, Mola amrehemu, nikaona kwamba jibu liko kwake.

Ndugu msomaji, huyu Siti alizaliwa kijijini Fumba yapata mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya bara, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo peke yake lakwambia alizaliwa katika zama gani, kwani utumwa Unguja haukupigwa marufuku mpaka 1897. Hakubahatika kusoma chuoni udogoni. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza, akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu watoke nje hata kama hawana haja ya chungu. Mwaka 1911 aliingia mjini, akakaa Ng'ambo, upande wa wanyonge. Huko Ali Muhsin akamfunza kuimba, na baadaye akapata wenzi wa kazi: Mbaruk Talsam, Budda Mwendo, Subeit Ambar na Maalim Shaaban.

Hakuwa na sura ya kusifiwa. Wenye husuda walimtungia kijembe juu ya kaniki aliyovaa alipotoka shamba, naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya jikoni, ya kisimani na ya sokoni. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe mpaka Bombay, wakaimba katika sahani za santuri, na sauti ya binti wa Fumba ikasikika katika gramafoni za mwambao wote.

Sasa natufike kwenye wimbo wa Kijiti, ambao kwao ndiko kwenye jambo langu. Kisa chake ni cha mauaji. Mwanamke mgeni, tena mja mzito, alichukuliwa usiku kwenda ngomani na mtu aitwaye Kijiti, akarejeshwa maiti. Muuaji akavuka bahari akakimbilia bara. Wimbo wasema kwamba hakimu aliwakasirikia mashahidi, na wakafungwa wao.

Zingatia, msomaji, ilivyokuwa rahisi kumlaumu marehemu. Mwanamke ametoka usiku, hakuomba ruhusa, na ulevi umo kapuni. Mtaani kungepatikana wengi wa kusema kwamba alijitakia. Siti na wenziwe hawakuyaficha hayo, waliyaimba yote. Lakini walipofika kwenye safari ile ya usiku, hawakusema kwamba yule mwanamke aliondoka nyumbani. Walisema kwamba sisi tuliondoka. Kapu ni letu, ngoma ni yetu, na mauti yaliyokuwa yakingoja njiani yalitungoja sisi. Siti alijitia ndani ya safari, akatembea na marehemu mpaka mwisho wake, na yeyote aliyeusikiliza wimbo ule alitembea naye. Laana ikabaki kwa Kijiti, na aibu ikamwendea hakimu.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea. Ujanani nilitunga shairi la mzaha juu ya talaka ya mwanamke mmoja wa mtaani kwetu. Vina vilikuwa safi, mizani haikupungua, na mtaa ulicheka. Ijumaa moja mamake alinisimamisha nikitoka msikitini, akaniuliza kama mimi sina dada. Niliinamisha kichwa, nikaenda zangu. Miaka ilipita kabla sijausikiliza wimbo wa Kijiti kwa makini, nikajua kwamba kosa langu lilikuwa la neno moja: mimi nilisema yule, na Siti alisema sisi.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu, alimpa heshima ambayo waandishi wengi wa zama zake hawakumpa mwanamke wa Kiafrika.

Asubuhi yake nilirudi Makina nikamweleza binti yule habari hizi. Nilimwambia asijifunze kulia mbele ya kioo. Aende kwa jirani, aombe idhini, akae naye jikoni, amsaidie kuchambua mchele, mpaka aweze kusema sisi bila ya kusema uongo. Siku ya mchezo sikuwapo, nilikwisha rejea pwani. Jamaa yangu ameniarifu kwamba yule mama alikuja akakaa mkeka wa mbele, na mchezo ulipokwisha akamwita binti, akamkalisha ubavuni pake, wala hawakuonekana wakisema neno.