Ibn Battuta na Siri ya Kitoweo cha Mboga

Kila jina la Ibn Battuta linapotajwa katika baraza zetu za Mji wa Kale, hapakosi mtu wa kununa. Huuliza: je, si huyu aliyelala Mombasa usiku mmoja tu, kisha akaenda kuutangazia ulimwengu kuwa chakula chetu ni ndizi na samaki? Wengi huyachukua maneno hayo kuwa ni tusi. Hata mimi, katika ujana wangu, nilikuwa mmoja wa walionuna. Lakini baada ya kukirejea kitabu chake kwa utulivu mara kadha wa kadha, nimegeuka. Naona hakuna mgeni aliyetutendea wema mkubwa jikoni kumshinda yeye. Leo basi nataka kuyasimulia maisha yake, na kukawia zaidi katika zile siku chache alizopita pwani yetu, kwani ndani yake mna jambo kuhusu mapishi ya mboga ambalo twakaribia kulipoteza.

Jina lake ni Abu Abdillahi Muhammad bin Abdillahi, wa ukoo wa Lawata katika Waberberi. Alizaliwa tarehe 24 Februari 1304 katika mji wa Tangier, ambao Waarabu huuita Tanja, nchini Moroko. Watu wa nyumba yao walikuwa wanazuoni wa sharia na makadhi, naye akasomeshwa fikihi katika madhehebu ya Imamu Malik. Tarehe 14 Juni 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake wote wawili wakiwa hai, akatoka peke yake kwenda kuhiji. Alitoka kwa huzuni, kama atokavyo kila mwana apendaye kwao. Nia ilikuwa Makka, lakini Mungu alikuwa amemwandikia mwendo mrefu zaidi.

Alihiji mwaka 1326, akazunguka Iraki na Uajemi, akarudi Makka akakaa kusoma, kisha akashuka Yemen mpaka bandari ya Aden. Hapo alipanda chombo kuja upande wetu. Ilikuwa mwaka 1331. Bandari ya kwanza ilikuwa Zaila. Mji huo ulimchukiza kwa harufu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani, hata akaona heri kulala chomboni, ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka. Nataja haya ili msomaji ajue kuwa huyu hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Penye uvundo alisema pana uvundo.

Kutoka Zaila alikwenda kwa tanga siku 15 hata akafika Mogadishu, na huko ndiko alikokaa kitako akala. Ilikuwa desturi ya mji ule, jahazi likitia nanga, vijana kulipokea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kumfanya mgeni wake. Ibn Battuta, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, na sultani wa mji akamletea tambuu na popoo na marashi ya mawaridi kutoka Damascus. Akawekwa katika nyumba ya wanafunzi. Siku tatu chakula kilimjia mara tatu kwa siku, na siku ya nne, siku ya Ijumaa, akaletewa nguo za kwendea msikitini. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale walimpa kanzu.

Sasa tukitazame chano alichotengewa. Kulikuwa na wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mbao. Juu yake pamewekwa sahani za kitoweo alichokiita kushani, na kitoweo hicho ni cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando mna ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa mapya. Sahani nyingine ina maziwa ya mgando, na juu yake ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyotiwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Embe changa, aeleza, ni chachu kama ndimu, nao huzitia katika siki. Mlaji huchukua tonge la wali, kisha akalifuatisha na kidogo katika vile vitu vichachu na vya chumvi.

Msomaji, soma tena orodha hiyo polepole. Imepita karibu miaka 700, na mtu wa Kibokoni au Kuze aliyekula wali nyumbani kwa bibi yake hatahitaji kufasiriwa. Pilipili tu ndiyo inayotaka maelezo. Pilipili hizi zetu za kuwasha, pilipili mbuzi na wenzake, asili yake ni Amerika, nazo hazikuvuka bahari ila baada ya Christopher Columbus kufika huko mwaka 1492. Kwa hiyo vile vishada vilikuwa vya jamii ya pilipili manga. Na tungule, ambazo wengine huziita nyanya, hazikuwapo kabisa. Hapakuwa na muhogo wa kutupa kisamvu, wala mahindi, wala viazi vya mbatata. Mboga ya siku zile ilipata utamu wake bila tungule hata moja.

Kutoka Mogadishu akaja kwetu. Asidhani mtu kuwa aliiona Ngome, kwani Wareno hawakuanza kuijenga mpaka mwaka 1593. Mji wa wakati wake ulikuwa kaskazini ya Mji wa Kale tuujuao, na machimbo ya mwaka 1976 katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani yaliyafukua mabaki ya Mombasa hiyo ya zamani. Alilala usiku mmoja. Katika usiku huo aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwenye milango yake visima vifupi ambavyo maji yake huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini wa dhiraa moja. Aliona watu wakitembea miguu mitupu, wakiiosha miguu na kuifuta kwenye mkeka mnene kabla ya kuingia kuswali. Akawasifu kwa dini, utu na wema. Kuhusu chakula, alisema kisiwa hakilimi nafaka, nafaka huletwa kutoka Sawahili, na kwamba sehemu kubwa ya chakula ni ndizi na samaki. Alitaja pia miti ya ndimu na balungi, na tunda moja tamu mfano wa zeituni, ambalo kwa wasifu wake ni zambarau zetu.

Liko wapi tusi hapo? Mimi naona ni picha ya watu wasio na shamba, waliopewa mti na bahari wakajua kuvifanya chakula. Mtu mwenye ghala la mtama aweza kupika ovyo, akashiba. Mtu ambaye ndizi mbichi ndiyo riziki yake ya kila siku hana budi kujifunza kuiunga, la sivyo watoto wataikataa. Mgeni wa usiku mmoja hakupata wasaa wa kuingia jikoni kwetu. Lakini alikuwa ameshaona kule Mogadishu jinsi ndizi mbichi inavyolainishwa kwa maziwa.

Kutoka Mombasa alishuka Kilwa, akamkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abulmawahibu kwa ukarimu wake. Kusi lilipovuma akarudi kaskazini hadi Dhofar, upande wa Oman. Huko ndiko alikoieleza nazi. Alisema kuwa mtu hukaa juu ya kitu mfano wa kiti, akatumia chuma chenye meno kukuna nyama ya nazi mpaka imalizike, zikaanguka chicha katika sahani, kisha huvurugwa kwa maji yakawa meupe kama maziwa, nayo ladha yake ni kama maziwa, watu wakayafanya kitoweo. Huyo ni mbuzi wetu wa kukunia, na hilo ni tui.

Sasa ukivikusanya vyote alivyoviandika, unapata kanuni nzima ya kuunga mboga. Kwanza, kitu cha mafuta kilicho pole: samli, maziwa au tui. Pili, chumvi. Tatu, uchachu: ndimu, siki, embe changa. Nne, ukali wa tangawizi na pilipili. Na jambo kubwa zaidi ni hili: uchachu haukutiwa chunguni mwanzo. Ulikaa kando, ukaja mdomoni kwa wakati wake. Siki yenyewe Mtume, rehema na amani zimshukie, alipata kuisifu kuwa ni kitoweo chema.

Mama zetu waliijua kanuni hii bila ya kitabu. Mchicha uliooshwa huwekwa chunguni na kitunguu pasipo kuongezwa maji, kwani maji yake wenyewe yanatosha. Hufuata tui la pili, lile jepesi, chungu kikiwa wazi ili majani yasipoteze rangi. Tui la kwanza huja mwisho, likikorogwa lisikatike, na likishachemka mara moja chungu huepuliwa. Ndimu hukamuliwa mezani. Ukiitia mapema, majani hugeuka rangi ya kaki na ulaini wake huchelewa. Bamia hufutwa zikauka kabla ya kukatwa, kwa kuwa maji huzidisha utelezi, lakini hizo ndizo zinazotaka kipande cha embe mbichi, maana uchachu huukata ule utelezi. Bilingani hunyunyizwa chumvi zikaachwa zitoe jasho, zikakamuliwa ndipo zikaangwe, zisije zikanywa mafuta yote. Mchunga huchemshwa, maji ya uchungu yakamwagwa, na chumvi iliyo sawa huufunika uchungu uliobaki kuliko sukari. Tangawizi na thomu hupondwa wakati ule ule wa kupikwa, kwani zikilala harufu yake hufa.

Leo nikipita Marikiti, pale Barabara ya Digo, mboga naziona tele na viungo vi papo hapo. Lakini katika nyumba nyingi mambo yamekuwa mepesi kupita kiasi. Mchicha, bilingani, kunde, vyote hupikwa kwa namna moja: tungule nyingi, mafuta mengi, na unga wa mchuzi wa pakiti, vikachemshwa mpaka vyote vikawa na ladha moja. Kisha twastaajabu mtoto akiisukuma mboga pembeni ya sahani. Siwalaumu wapishi, kwa sababu kazi ni nyingi na saa ni chache. Nasikitikia tu kwamba kinachopotea hakikuwa ghali, bali kilitaka subira.

Turudi kwa msafiri wetu. Yaliyofuata ni marefu, nami nitayapita haraka. Alifika Delhi, Sultani Muhammad bin Tughluq akamfanya kadhi. Akawa kadhi tena katika visiwa vya Maldivi, akafika Uchina, akaanza kurudi magharibi. Mwaka 1348 alipofika Damascus alipewa habari kuwa baba yake alifariki miaka 15 nyuma. Wakati huo tauni kuu ilikuwa ikimaliza watu. Mwaka 1349 aliingia Moroko, na alipofika mji wa Taza, safari ya siku chache tu kutoka kwao, aliambiwa kuwa mama yake naye amechukuliwa na tauni. Aliyekula katika vyano vya masultani kwa miaka 24 alirudi nyumbani akakuta jiko limezimwa. Akaenda Tangier kulizuru kaburi.

Hakutulia. Alivuka kwenda Hispania, na mwaka 1352 akaikata jangwa la Sahara hadi Mali. Huko aliambiwa zawadi ya mfalme inakuja, akainuka kwa heshima akitarajia mavazi na fedha, na kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka. Aliporudi, Sultani Abu Inan wa Fez alimwamuru asimulie yote aliyoyaona, na mwandishi Ibn Juzayy wa Granada akayaandika. Kitabu kilimalizika mwezi wa Disemba 1355. Mwenyewe alimaliza umri wake akiwa kadhi katika nchi yake, akafariki yapata mwaka 1369, Mungu amrehemu.

Nikifunga kitabu hicho humkumbuka marehemu mama yangu juu ya dari la nyumba yetu. Alizipasua ndimu mara nne bila kuzitenganisha, akazishindilia chumvi, akazianika ndani ya chupa siku kwa siku mpaka ngozi ikalainika na kuiva rangi. Achari ile ilimfanya hata mgonjwa asiyetaka chakula amalize sahani ya mchicha. Mimi niliyejifunza kusoma tangu utotoni, niliyejaza daftari kwa mashairi ya watu, sikumwuliza hata siku moja kipimo cha chumvi yake. Nimejaribu mara nyingi, na kila mara kuna kitu kinachopungua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, akala, akakumbuka kuyasema, na kwa kuyasema kwake tunajua leo kuwa ndimu ya chumvi na embe ya siki zilikuwapo katika pwani hii kabla Vasco da Gama hajatia nanga mbele ya kisiwa chetu mwezi wa Aprili 1498. Ilihitajika mtu wa Tangier atuandikie hayo. Tusingoje mwingine. Mwenye mama, nyanya au shangazi aliye hai na ajuaye kuunga mboga, aingie jikoni leo na kalamu mkononi, aulize kiasi cha tui, kiasi cha chumvi, na wakati wa kutia ndimu. Atakayepata jibu amelirithi. Sisi tuliochelewa tumebaki na chupa juani, twaonja na kukisia.