Elizabeth wa Hardwick na Jumba Lake: Umilikaji wa Mali na Usanifu wa Majengo katika Uingereza ya Karne ya 16

1.0 Utangulizi

Majumba makubwa ya mashambani ya Uingereza yamezoeleka kuelezwa kama kazi ya wanaume: makabaila waliotoa fedha na waashi waliojenga. Jumba la Hardwick, lililoko Derbyshire, linautia shaka mtazamo huo. Lilijengwa kwa amri, fedha na usimamizi wa mwanamke, Elizabeth wa Hardwick, ajulikanaye zaidi kwa jina la Bess. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa kuzingatia uhusiano uliopo baina ya haki ya kumiliki mali na umbo la jengo.

2.0 Ndoa na Mali

Bess alizaliwa yapata mwaka 1527 katika familia ya wamiliki wadogo wa ardhi. Baba yake alifariki angali mchanga, na familia ikabaki katika dhiki. Mume wake wa kwanza, Robert Barlow, alifariki mwaka 1544. Mwaka 1547 aliolewa na Sir William Cavendish, aliyezaa naye watoto wanane, sita kati yao wakakua. Wawili hao walinunua Chatsworth mwaka 1549 na kuanza kujenga huko. Hapo ndipo Bess alipojifunza shughuli za ujenzi. Cavendish alifariki mwaka 1557. Mume wa tatu, Sir William St Loe, naye alifariki na kumwachia mali nyingi.

Ndoa ya nne ilimpandisha hadi kilele cha tabaka tawala, kwani mumewe, George Talbot, Earl wa Shrewsbury, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi. Hata hivyo, tangu mwaka 1569 Malkia Elizabeth I alimkabidhi Talbot jukumu la kumlinda Malkia Mary wa Scotland, mfungwa wa kisiasa. Ulinzi huo uliodumu takriban miaka 15 ulimgharimu mno na kuchangia kuivunja ndoa. Yafaa ieleweke kwamba, kwa sheria za wakati huo, mali ya mke ilikuwa kwa kawaida chini ya mamlaka ya mume. Mwaka 1584 Talbot alitaka kuitwaa Chatsworth, naye Bess akalazimika kuhamia Hardwick, shamba la wazazi wake alilokuwa amelinunua mwaka uliotangulia. Zaidi ya hayo, Chatsworth ilikuwa imepangiwa kurithiwa na mwanawe wa kwanza, Henry, ambaye hawakupatana. Hivyo basi, Bess alihitaji nyumba isiyoweza kudaiwa na mume wala mwana.

3.0 Ujenzi wa Hardwick

Yapata mwaka 1587 alianza kulipanua jumba la zamani la Hardwick. Talbot alifariki mwaka 1590, na mwaka huohuo msingi wa jumba jipya ukachimbwa hatua chache tu kutoka lile la kwanza. Wanahistoria wengi wanauhusisha mchoro wake na Robert Smythson, mwashi aliyekwisha kufanya kazi Longleat na Wollaton. Sehemu kubwa ya mawe, mbao, madini ya risasi na vioo ilitoka katika mashamba na karakana za Bess mwenyewe.

Sifa tatu za jengo zinastahili kutajwa. Kwanza, ukumbi mkuu unakata katikati ya jengo kutoka mbele hadi nyuma, ilhali desturi ilikuwa kuulaza sambamba na uso wa jengo. Mpangilio huo uliwezesha pande zote kulingana. Pili, dohani nyingi ziliwekwa katika kuta za ndani, na kuta za nje zikaachiwa madirisha makubwa, wakati ambapo vioo vilikuwa bidhaa ya anasa. Tatu, madirisha yanarefuka kadiri mtu apandavyo, kwa kuwa vyumba vya heshima viko ghorofa ya juu. Huko kuna ushoroba wenye urefu wa takriban mita 50, pamoja na chumba kikuu cha kupokelea wageni.

Utajiri huo haukufuta ubahili wake. Aliponunua mapazia ya ukutani yenye kisa cha Gideoni kutoka kwa mrithi wa Sir Christopher Hatton, alipunguziwa paundi 5 kwa sababu nembo za Hatton zingebidi zibadilishwe. Juu ya minara sita aliamuru zichongwe herufi E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, chini ya taji.

4.0 Hitimisho

Bess alihamia jumba jipya mwaka 1597, akiwa na umri wa takriban miaka 70. Vyumba vya juu vilikuwa na hadhi ya kumpokea malkia, na mjukuu wake Arbella Stuart alikuwa na nasaba ya kumwezesha kudai kiti cha enzi. Matumaini hayo hayakutimia: Malkia Elizabeth hakufika Hardwick, na mwaka 1603 taji lilikwenda kwa James wa Scotland. Bess alifariki mwaka 1608, akazikwa Derby. Wazawa wake waliokuja kuwa Duke wa Devonshire walipendelea kuishi Chatsworth, na kwa hiyo Hardwick haikubomolewa wala kujengwa upya kwa mitindo iliyofuata. Mwaka 1959 jumba lilikabidhiwa National Trust. Nasaba aliyoitarajia haikutawala, lakini nyumba aliyoijenga ili isidaiwe na mtu mwingine ingali na herufi za jina lake.